Mfuko wa Kete

Kila Ijumaa Mwanahija alifagia darasa la sita polepole, apate kusikia watoto wa chama cha mchezo wa maneno wakipanga kete za herufi. Kete iliyopotea, yeye ndiye aliyeichonga upya kwa kifuu cha nazi.

Leo mwalimu wao alikuwa amehamishwa.

"Bila mtu mzima, chama kinafungwa," mwalimu mkuu alisema mlangoni.

"Dada Mwanahija si yupo?" alisema Zamzam, mmoja wa watoto.

"Mimi niliishia la nne, mdogo wangu."

"Na herufi anatuchongea nani?"

Mwalimu mkuu alimgeukia Mwanahija, akasubiri jibu lake.

Mwanahija aliegemeza ufagio ukutani, akaketi kati ya watoto, akatia mkono ndani ya mfuko wa kete. Kete zilikuwa na joto kama mayai yaliyotoka kuatamiwa, na moja ikajileta yenyewe kiganjani.