Samli ya Macho ya Mwanashehe

Mashine ya jikoni ilikataa samli ya macho, dawa ya mizizi ambayo Bakiri alimpikia mkewe, kwa mara ya tano. Siku hizi dawa hailiwi nyumbani mpaka mashine iwashe taa ya kijani, na kila ikipima inameza kijiko kizima.

"Haifanani na iliyopita," ilisema kwa upole.

"Itafananaje, na mizizi imechimbwa shamba jingine?" Bakiri alifoka. Alichovya utambi kwenye samli, akauwasha. Uliwaka kimya bila kutatarika, maana yake maji yamekauka na dawa imeiva. Ndivyo mama yake alivyopima.

"Kipimo hicho hakitambuliki," ilisema mashine.

"Baba Rukia, unagombana na bati," mkewe Mwanashehe alicheka, huku akipapasa meza kutafuta kikombe. "Nipe nilambe kidogo."

"Ukilamba bila kibali, hospitali haikupokei tena."

Akapika upya, mashine ikameza na kukataa. Siku taa ya kijani ilipowaka, kijiko kilichopimwa ndicho kilichokuwa cha mwisho.

"Hongera," ilisema.

Bakiri alihesabu hasara: sufuria tatu za samli, maziwa ya ng'ombe ya msimu mzima, na macho yote mawili ya Mwanashehe.