Kibuyu Kisichoonjwa

Anakleti alikuwa na siku tatu tu tangu atoke gerezani alipoingia uani kwa jirani yake wa zamani na kupiga hodi. Alikuja kuomba msamaha, na maneno alikuwa ameyakariri njia nzima.

"Kaa," alisema Mama Donati. Akaingia ndani, akakawia, kisha akatoka na kibuyu cha pombe ya ndizi chenye mrija mmoja, akamkabidhi.

Anakleti alikipokea kwa mikono miwili, akangoja. Kwao mwenyeji huonja kwanza, mgeni ajionee mwenyewe kuwa hakuna sumu. Hata mlevi hasahau. Mama Donati alikaa mbele yake, mikono mapajani.

"Hujaonja, mama."

"Mwaka ule mlipotuwinda kwa sababu ya kabila letu, mwanangu alikimbilia kwako. Ulisema mwenyewe mahakamani, nami nilikuwepo. Ulimpa kibuyu kama hiki?"

"Nilimpa."

"Ukaonja kwanza?"

"Nilionja."

"Akaamini."

"Akaamini. Akanywa, akalala. Ndipo nikaenda kuwaita wenzangu."

"Basi mimi sionji," alisema Mama Donati, kwa sauti ile ile aliyomkaribishia. "Lango liko wazi. Ukitaka, nenda."

Anakleti alitazama lango, akatazama povu lililotulia kwenye shingo ya kibuyu. Maneno yote aliyoyakariri yalikuwa yamemtoka. Aliushika mrija, akauinamia, na alipoinua macho kabla ya kuvuta, Mama Donati alikuwa akilitazama koo lake.