Kizingiti cha Chumba cha Juu

"Wageni wangu, humu ndimo anamolilia yule jini wa kike," akatangaza Kombo, mtembeza watalii, kisha akakiiga kilio chenyewe. Kundi zima likaangua kicheko. "Mwoga abaki chini na watoto!"

Zuwena hakucheka. Tangu waingie katika jumba lile kongwe hakutulia. Alikuwa akiukunja na kuukunjua upindo wa kanga yake, akijiuliza kama angethubutu kuitamka mbele ya watu siri aliyoificha kwa miaka ishirini. Kilio kile alikijua. Kilikuwa cha mama yake, aliyefungiwa humo na nduguze baada ya kurukwa na akili.

Alipofika kizingitini akavua viatu.

"Dada, vaa, mna misumari humo," Kombo akamwonya. "Au unamwogopa mwenye nyumba?"

"Chumbani kwa mama yangu siingii na viatu," akajibu, kwa sauti iliyowafikia wote. "Hakuwa jini. Aliitwa Mwanamize."

Kicheko kikakatika. Zuwena akaingia peku. Nyuma yake Kombo alikuwa ameinama mlangoni, akihangaika na kamba za viatu vyake, na vidole vilikuwa vikishindwa kulifungua fundo.