Vitufe vya Mkono wa Kushoto

Tangu kompyuta zote ziwekewe kipimo cha mishipa ya fahamu, kitufe hukataa kidole kilichoanza kuugua, miezi kadhaa kabla mwenyewe hajahisi kitu. Kikikataa siku saba mfululizo, mashine huijulisha hospitali, na mwenye kidole huachishwa kazi ya kuandika. Fundi Mbwambo aliijua sheria hiyo, ila alishikilia kwamba nusu ya kesi hizo ni makombo ya mkate tu.

"Vitufe vinne, Baba Nakijwa, vyote vya kushoto," alisema mkewe Nambua, karani wa mahakama. "Na leo ni siku ya sita."

"Kaa hapo uone kazi."

Akafungua kibodi, akapuliza, akasugua kwa spiriti, akakaza waya. Kisha akavibonyeza vyote vinne. Herufi zikatokea bila kusita.

"Si nilikwambia? Uchafu!"

"Hebu nipishe, wacha majigambo."

Nambua akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena kwa nguvu, kisha akamgeukia mumewe.

"Uchafu gani huo unaonijua mimi peke yangu?"

Mbwambo akachukua bisibisi, akaanza kulegeza skrubu zilezile.

"Sijasafisha vizuri," alisema.