Neno Lisilokuwa Kwenye Kadi

Tangu Shekue aanguke kutoka kwenye paa na kuumia ubongo, masikio yake yalikuwa mazima, lakini penye watu wengi maneno yalimchanganyikia kama mchele uliomwagika mchangani. Watoto wakizungumza mezani, alitabasamu tu na kutikisa kichwa. Baadaye akaanza kula peke yake chumbani.

Siku hiyo hospitalini, mtaalamu wake, Bi Zamda, alimbana sikioni kibanio kidogo chenye waya. Umeme mwepesi, wa kuusaidia ubongo ujifunze upya kuchambua maneno, ukatambaa kwenye mshipa wa fahamu kama sisimizi. Kisha akafungulia kelele za soko kwenye spika, akampa mkewe Shekue, Mwanahawa, kadi ya maneno.

"Kisu," alisoma Mwanahawa.

Shekue akarudia.

"Mlango."

Akarudia. Wiki za mwanzo hakuwa akipata hata moja.

Mwanahawa akaiweka kadi magotini. Alisema kwa sauti ileile, macho sakafuni, "Nilidhani umenichoka."

Shekue akaitazama kadi. "Hilo halimo kwenye kadi."

"Umelisikia?"

"Nimelisikia lote, mama Subira. Sikukuchoka. Niliona haya kujibu nisichokielewa."

Bi Zamda alinyoosha mkono azime spika.

"Iache tu, bibi," alisema Shekue. "Kwetu kuna kelele zaidi ya hizi."

Mwanahawa akasogeza kiti, akaanza kumsimulia habari za nyumbani. Wauza samaki wa kwenye spika walikuwa wakinadi kuishinda sauti yake, na Shekue amemwinamia, neno moja likimponyoka, jingine akilidaka.