Alama Mia za Semeni

Kila Jumatatu asubuhi kuta za nyumba ya Bi Mwajabu zilihama, naye akaanza upya kulitafuta jiko lake. Sheria ndiyo iliyotaka hivyo: anayejiandaa kusomea shahada ya uzamili ya usanifu majengo huijaribu michoro yake kwenye nyumba anayoishi, na kuta hazitulii mpaka apate alama mia. Akizipata, hazihami tena milele.

Bintiye Semeni alikuwa wiki ya tisa ya kozi ya maandalizi. Wiki ya nne choo kilitazamana na sebule, siku wageni wa posa walipokuja. Wiki ya sita ngazi ilipanda ikaishia ukutani.

"Mwanangu, chora chochote wakupe hizo mia tupumzike," Bi Mwajabu alisema. "Nimechoka kuulizia jiko ndani ya nyumba yangu mwenyewe."

"Niombee dua, mama."

Akaomba, tena kwa uchungu.

Jumatatu iliyofuata alirudi kutoka sokoni na kikapu cha mchicha. Jiko lilikuwa pale pale mlangoni, lina mwanga, linapendeza. Semeni alisimama katikati ya nyumba, simu mkononi.

"Nimepata mia, mama."

"Alhamdulillahi." Bi Mwajabu akatua kikapu, akaenda chumbani kwake kuvua baibui. Palipokuwa na mlango, sasa palikuwa na ukuta. Akaupapasa, ulikuwa wa baridi, umetulia.

"Semeni, wiki hii mliambiwa mchore nini?"

Semeni aliinamisha kichwa. "Nyumba ya mtu mmoja."