Popo Mbele ya Fomu ya Korongo

Hebu niambie, kulala kichwa chini ni ugonjwa? Popo alikuwa amepata kazi ya kulinda ghala, imebaki cheti cha akili timamu tu. Daktari Korongo akamtazama dakika moja alivyoning'inia, akaweka tiki kwenye fomu, penye "Ana kioja". "Case closed. Kichaa. Kazi huipati."

"Daktari, hujaniuliza kama kulala hivi kunaniumiza, wala kama kunanizuia kufanya lolote."

"Fomu haina hayo, kijana."

"Sawa. Na wewe mbona unasimama kwa mguu mmoja kutwa?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Korongo akang'aka, "Hakuniumizi! Na kazi nafanya!"

"Basi andika hivyohivyo kwangu, bosi."

Korongo akafuta ile tiki, akagonga muhuri. Popo akaondoka na kazi yake, kifua mbele.

Punda, aliyepitishwa mzima asubuhi hiyohiyo kwa kuwa hana kioja chochote, na alikuwa bado mlangoni, akapata sauti. "Mimi naumia. Wiki ya tatu sili, mzigo umenishinda." Siku hiyo akaanza kutibiwa.

Nyie mnaochapa fomu na degree zenu tatutatu, maswali hayo mawili ya Popo yawekeni ukurasa wa kwanza. Leo, sio next financial year!